Je, Wajua? Cheche, Tabo na Ethanoli

Je, wajua kwamba plagi ya injini ya petroli haisubiri pistoni ifike juu? Hupiga cheche mapema, maana moto unahitaji muda kuenea ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nyuzi 20 za kranki hupita katika muda unaozidi kidogo tu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kupanga wakati wa kupiga cheche ndiko huitwa taimingi.

Tabo hushindilia hewa, na hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Joto likizidi, petroli iliyobaki pembezoni mwa silinda hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Injini inagonga, na pistoni yaweza kutoboka. Fundi huokoa injini kwa kuchelewesha cheche, ila nguvu inapungua.

Hapa mafuta ya ethanoli husaidia. Yanapogeuka mvuke, kilo kwa kilo, hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya petroli. Tena petroli huchomwa na hewa mara 14.7 ya uzito wake, ethanoli mara 9 tu, kwa hiyo hewa ileile hupokea ethanoli nyingi zaidi. Jumlisha hayo, na upoozaji unakaribia mara nne! Cheche sasa yaweza kuwahi.

Mwaka 2005 Saab ya Sweden ilileta 9-5 BioPower, gari lenye injini ya lita 2.0 na tabo. Kwa petroli ilitoa nguvu za farasi 150; kwa E85, mchanganyiko wenye ethanoli hadi asilimia 85, ilitoa 180. Dereva alibadilisha mafuta tu. Kompyuta iliongeza msukumo wa tabo na kuwahisha cheche.

Ajabu kubwa kwangu ni namna kompyuta hiyo ilivyosikiliza kama injini inagonga. Plagi yenyewe ndiyo ilikuwa sikio: baada ya cheche, umeme mdogo ulipitishwa kwenye mwanya wake. Gesi inayowaka hupitisha umeme, na injini ikigonga, mkondo huo hutetemeka.

Mpangaji wa taimingi asidanganywe na ukimya, hata hivyo. Kwa petroli, injini ya tabo kwa kawaida hugonga kabla hujawahisha cheche mbali. Kwa ethanoli, cheche yaweza kuwahi kupita taimingi bora bila mlio wowote, huku moto ukiisukuma pistoni ambayo bado inapanda. Ndiyo maana gari huwekwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, cheche ikawahishwa nyuzi moja moja, na nguvu ikikoma kuongezeka, hapo mpangaji huirudisha cheche nyuma kidogo.