Kijana wa Tumbaku Aliyetaka Kufungua Launji ya Siga: Tulivyopiga Hesabu

Leo sizungumzii mbolea wala viuatilifu. Nataka tuzungumzie hela ya msimu inavyoweza kupotea mjini.

Baada ya masoko kufungwa, kijana mmoja ninayemhudumia huku Urambo alinifuata ofisini. Analima tumbaku ya mvuke ekari nne, hana deni la pembejeo, na mkononi alikuwa amebaki na shilingi milioni 14. Akaniambia, "Bwana shamba, nina mchongo. Nakwenda Dodoma kufungua launji ya siga. Na siga nitasokota mwenyewe, tumbaku si ninayo banini?"

Zamani ningemjibu "hongera, nenda." Miaka michache nyuma kijana mwingine aliniomba ushauri wa kufungua duka la vinywaji mjini, nikamsifia wazo bila kumuuliza swali hata moja. Aliuza mpaka mabati ya bani lake, na duka halikumaliza miezi sita. Tukikutana ananisalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa hiyo huyu wa sasa nikamwambia kaa chini, tuandike.

Tumbaku yako si tumbaku ya siga

Siga ni ile sigara nene isiyo na karatasi. Imesokotwa kwa majani matupu: ya ndani, ya kufunga, na lile moja laini la kuvika nje. Tumbaku yetu ya mvuke tunaikausha banini kwa moto kwa takriban wiki moja, inabaki na rangi ya njano na sukari nyingi. Jani la siga hukaushwa kwa hewa kivulini, wiki sita hadi nane, mpaka liwe kahawia. Kisha linalundikwa ili lichachuke. Joto ndani ya rundo hupita nyuzi 40, na rundo hupinduliwa mara kwa mara. Baada ya hapo linahifadhiwa mwaka au zaidi.

Wakulima wa Pinar del Río kule Cuba na Estelí kule Nicaragua wameirithi kazi hiyo kwa wazazi wao. Wanachambua majani ya chini, ya kati na ya juu kama sisi tunavyochambua madaraja, ila mbegu yao na ukaushaji wao ni tofauti.

Halafu kuna sheria. Tumbaku yako ina mkataba kupitia chama cha msingi. Ukichomoa mitumba pembeni ukasokote, umeuza nje ya mfumo, na kutengeneza bidhaa ya tumbaku kunahitaji leseni yake. Hapo wazo la kusokota tukalifuta. Siga atanunua kwa mwagizaji aliyelipia ushuru, akiwa na risiti mkononi.

Hesabu zenyewe

Hizi ni bei alizokuja nazo yeye, zako zitakuwa tofauti:

- Kodi ya chumba miezi 6 kwa 500,000: milioni 3
- Feni za kutoa moshi, kiyoyozi na kizigeu: milioni 4
- Viti na meza: milioni 2.5
- Kabati la kutunzia siga na kipima unyevu: milioni 1
- Usajili, leseni na kodi ya mwanzo: 500,000

Jumla milioni 11. Inabaki milioni 3 ya mzigo, umeme na mishahara. Unaona? Chumba kimekula mtaji kabla siga haijaingia.

Kila mwezi ana kodi 500,000, mfanyakazi 250,000, umeme 250,000, maji na ulinzi 50,000. Jumla 1,050,000. Siga ananunua 25,000 anauza 40,000, faida 15,000. Gawanya: lazima auze siga 70 kwa mwezi ili asipate hasara wala faida. Mteja anayevuta moja kwa wiki atanunua nne kwa mwezi. Maana yake anahitaji wateja wa kudumu kama 18.

Nikamuuliza, "Nitajie kumi unaowafahamu." Akataja watatu, tena mmoja ni mjomba wake.

Launji za namna hii huko Marekani haziishi kwa kuuza siga peke yake. Wanakodisha vikabati kwa wanachama, wanauza vinywaji, wanapangisha ukumbi kwa shughuli. Mteja analipia kukaa.

Mdudu unayemjua

Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Ikikauka inapasuka, ikilowa inaota ukungu. Joto likipanda, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa, yule yule anayetoboa mzigo wako ghalani. Umeme ukikatika siku mbili mwezi wa kumi na moja Dodoma, utajua hujui.

Sheria na afya

Mimi sivuti, na sitakudanganya. Siga inaleta saratani ya mdomo na koo hata kwa asiyemeza moshi. Mhudumu anayeshinda mle ndani anavuta na yeye bila kupenda. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kuvuta kwenye maeneo ya umma isipokuwa sehemu iliyotengwa, na ni marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kabla ya kulipa kodi ya chumba, nenda halmashauri kwa bwana afya na ofisi ya biashara ukaulize kwa maandishi kama jengo hilo litakubalika.

Alichofanya

Aliondoka kimya. Nilijua nimemuudhi. Baada ya wiki tatu akapiga simu akiwa Dodoma. Alikuwa amekaa siku 12 akizunguka hotelini jioni, anahesabu watu. Akapata mwenye hoteli moja ambaye tayari ana baraza la wazi lililotengwa kwa wavutaji. Wakaandikiana: kijana analeta kabati na siga 40, hoteli inauza kwa leseni yake na kukata sehemu yake. Kabati na mzigo vimemgharimu milioni 2. Zilizobaki milioni 12 zikarudi Urambo.

Mwezi wa pili akapiga tena, sauti imebadilika. "Bwana shamba, siga zina vitundu kama vya sindano." Kisanduku kimoja kiliachwa karibu na dirisha la jua. Nikamwambia atenge zilizotobolewa azitupe, nzima azifunge kwenye mfuko wa plastiki, zikae friza siku tatu, friji siku moja, ndipo zirudi kabatini. Alipoteza siga 9, sawa na 225,000. Ingekuwa launji yake, zingekuwa 100.

Mpaka naandika haya, wiki ya kumi, ameuza siga 23. Hajawa tajiri. Ila ana daftari la wateja 6 wanaorudi, na kitalu chake cha msimu huu nimekikagua jana, kiko vizuri.

Kijana mwenzangu, kama una wazo la biashara ya mjini, iwe siga, juisi au saluni, fanya haya kabla hujauza bati:

1. Andika gharama za mwezi, ugawe kwa faida ya kitu kimoja.
2. Taja wateja kwa majina. Wasipofika nusu ya unaowahitaji, subiri.
3. Jaribu kwenye jengo la mtu mwingine kwanza.
4. Hela ya pembejeo za msimu ujao usiiguse.

Ukishaandika, njoo na karatasi yako ofisini. Siku hizi nauliza maswali kwanza, pongezi baadaye.