Maji ya daktari, si mafuta ya goti

"Daktari, mafuta ya goti yameisha. Nimesikia mnasafisha kwa matundu."

Mama aliyesema hivyo ana miaka sitini na kitu. Jirani yake alimwambia unaingia asubuhi, unasafishwa goti, jioni uko nyumbani. Habari ya kurudi jioni ni kweli kabisa. Habari ya kusafisha ndiyo yenye matatizo.

Upasuaji huo huitwa athroskopi. Mgonjwa huchomwa ganzi ya mgongo au hupewa nusu kaputi, kisha daktari hutoboa matundu mawili chini ya pia ya goti, kila moja halifiki sentimita moja. Tundu moja hupitisha kamera iliyo nyembamba kuliko penseli, la pili hupitisha mkasi na koleo ndogo. Muda wote maji ya chumvi huingizwa gotini ili yatanue nafasi na kuondoa damu, kamera ione vizuri. Nadhani neno "kusafisha" limezaliwa hapo. Lakini maji yale ni ya kumsaidia daktari kuona, hayamtibu mgonjwa.

Mwaka 1918, jijini Tokyo, daktari Kenji Takagi aliingiza kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, ndiye aliyekata kwa njia hiyo kipande cha gegedu iliyochanika, mwaka 1962. Umaarufu ukaja na mwanariadha Joan Benoit wa Marekani. Mwaka 1984 goti lake liligoma, akafanyiwa athroskopi, na siku 17 baadaye akashinda mchujo wa timu ya taifa. Agosti mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mjini Los Angeles. Nani asingetaka goti kama lile?

Ila lile lilikuwa goti la kijana lenye kasoro moja inayoondoleka. Ndani ya kila goti mna gegedu mbili zenye umbo la hilali, zinazopokea uzito kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Mcheza mpira akijipinda vibaya, moja huweza kuchanika, kipande kikajikunja katikati na goti likakwama, halinyooki. Huyo tundu linamfaa sana. Ukingo wa nje wa gegedu una damu, kwa hiyo ukishonwa huweza kuunga. Sehemu ya ndani haina, mara nyingi hupunguzwa tu. Aliyekatika kano ya katikati ya goti naye hutengenezewa nyingine kwa kano iliyochukuliwa nyuma ya paja lake mwenyewe. Kidonda hupona upesi, lakini kano mpya haina haraka: kurudi uwanjani ni baada ya miezi tisa hivi.

Goti la mama yetu limelika. Mwaka 2002 madaktari wa Houston walichapisha matokeo ya wagonjwa 180 wa aina yake. Wengine walifanyiwa athroskopi ya kweli, wengine walichanwa ngozi tu ikashonwa, bila mgonjwa kuambiwa yuko kundi gani. Kwa miaka miwili waliyofuatiliwa, maumivu ya makundi yote yalikuwa sawa. Ulikuwa utafiti wa ujasiri, na baadhi yetu tuliofundishwa kuosha magoti ulituuma.

Bega nalo lina kisa hichohicho. Kukwangua mfupa wa juu ya bega ili kupunguza maumivu hakukuonyesha faida ya maana kuliko upasuaji wa kuigiza, katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018. Bega la kijana linalochomoka kila anaporusha mpira ni jambo jingine: ukingo uliobanduka hushonwa kwa matundu, likatulia.

"Sasa mafuta nitayapata wapi?" mama akauliza.

Nikamwambia goti likimshinda kabisa kuna la bandia, tutalizungumza siku hiyo. Kisha nikamkalisha vizuri kitini, nikamwomba anyooshe mguu hadi uwe sambamba na sakafu, akaze paja, ahesabu hadi kumi. Alifika saba, akacheka, akashusha. Tukaanza upya.