Jeni ya chura ndani ya mbu wa Bagamoyo

Msomaji wa Katoro, Geita, ameuliza swali ambalo wengi huliruka: mbu wakitiwa jeni ya mnyama mwingine, wajukuu zao si wataipoteza? Amesikia habari za Bagamoyo, na kwao malaria si jambo la kusimuliwa. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo hujaa maji kila msimu wa mvua, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliwakuta na malaria asilimia 17 ya watoto wadogo waliopimwa mkoani Geita, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7.

Habari yenyewe ilitoka Desemba 2025 katika jarida la Nature. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Imperial College London wametengeneza Bagamoyo mbu wa Anopheles gambiae wenye jeni mbili za ugenini: ya magainini, kinga iliyomo kwenye ngozi ya chura wa Afrika mwenye kucha, na ya melitini, iliyomo kwenye sumu ya nyuki. Mbu jike akinywa damu, utumbo wake hutoa vitu hivyo viwili, vimelea vya malaria hudumaa, na mbu hufa mapema kabla havijakomaa. Vimelea vya majaribio vilitoka kwenye damu ya watoto wagonjwa wa hapa hapa nchini. Namna jeni inavyochomwa kwa sindano ndani ya yai la mbu naiacha. Inatosha kujua kwamba jeni isipofika kwenye seli zitakazozaa kizazi kijacho, inakufa na mbu yule yule.

Mbu, kama sisi, ana kromosomu mbili mbili, ya baba na ya mama, na kila mtoto hupewa moja tu katika kila jozi. Jeni iliyoingia upande mmoja huenda kwa nusu ya watoto, robo ya wajukuu, na kuendelea kupotelea katikati ya mbu wa porini. Msomaji yuko sahihi kabisa. Ila ipo njia ya kuivunja nusu hiyo, nayo naiita msukumo wa jeni. Nilitamani kuandika "kisukumajeni", lakini Shinyanga nzima ingedhani nazungumzia lugha yao.

Chukua mfano wa duara, yaani shimo la wachimbaji, lenye madaftari mawili ya mgao wa mifuko ya mawe, moja la mwenye duara, la pili la wachimbaji. Yanafanana mstari kwa mstari. Usiku mtu anachomeka mstari kwenye la mwenye duara: "Fulani apewe mfuko mmoja." Chini yake anaongeza agizo: "Ukurasa huu uchanwe kwenye daftari la pili." Kunakucha, karani anakuta la pili limechanika. Afanyeje? Analifungua lile zima na kunakili ukurasa wote, Fulani akiwemo, na agizo la kuchana likiwemo. Hajui kama ametumika. Sasa daftari lolote litakalopelekwa duara jingine lina jina la Fulani, na huko likikutana na daftari safi, nalo litachanwa, na karani wa huko ataketi anakili.

Madaftari ni kromosomu mbili za jozi moja, na mstari wa Fulani ni jeni ya ugenini. Mchanaji ni kimeng'enya kiitwacho Cas9, kinachoelekezwa na uzi mfupi wa RNA mpaka mahali penyewe kwenye kromosomu. Karani ni mbu mwenyewe! Seli zake zina mtambo wa kukarabati vinasaba vilivyokatika, mtambo wa tangu na tangu, na mtafiti anaukodi bila malipo. Unakili ukifanyika ndani ya seli zinazotengeneza mayai na mbegu, nusu haipo tena. Mwaka 2015 watafiti wa California waliwapa msukumo wa namna hii mbu wa Asia, Anopheles stephensi, na karibu asilimia 99.5 ya watoto wakarithi.

Mara nyingine karani huunga kingo zilizochanika bila kunakili, na ukurasa huo hauchaniki tena. Huo ni usugu, na wataalamu wanaujua.

Mbu wa Bagamoyo wana jeni za chura na nyuki pamoja na RNA elekezi, lakini Cas9 imewekwa makusudi kwa mbu wa ukoo mwingine. Koo hizo zikikutanishwa vizimbani, unakili unaanza. Zikitengwa, jeni inarudi kwenye hesabu ya nusu na robo. Hakuna aliyeachiwa nje.