Kalamu ya Wino ya Bei Kubwa kwa Mizani ya Katwe

Kalamu ya wino ya Montblanc, aina ya Meisterstück 149, ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu 1952, leo huuzwa dukani kwa dola 1,000 za Marekani hivi, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa fedha ya Uganda hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3, kabla hujaongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa fedha hiyo mtu wa Katwe, mtaa wa Kampala, ananunua mashine ya kuchomelea na chenji inabaki. Hata hivyo wanaoiulizia kalamu ya namna hii wapo Kampala: wakili anayefungua ofisi, mhitimu wa Makerere anayetaka kujituza, mfanyabiashara aliyepata zabuni yake ya kwanza kubwa, watoto wanaomtafutia zawadi baba anayestaafu. Majibu wanayopewa huwa ya aina mbili. Wengine huwaambia kwamba kizuri chajiuza, bei yenyewe ni ushahidi wa ubora. Wengine huwaambia kwamba ni anasa tupu. Majibu yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanaitazama bei badala ya kuitazama kalamu. Kipimo cha haki zaidi kipo karibu, na hutumika kila siku katika karakana za Katwe.

Katwe ipo chini ya kilima cha Mengo, ukishaipita Clock Tower kuelekea barabara ya Entebbe. Ni mtaa wa mafundi wa chuma, unakotoka sigiri, masufuria, mageti, mashine za kusaga mahindi na za kufyatulia matofali. Fundi anayetafuta mashine ya kukereza iliyokwisha kutumika hawezi kutosheka na jina lililoandikwa ubavuni mwake. Anataka kujua kama inafunguka, kama hesi za skrubu zake ni za kipimo kinachopatikana, na kama gia ikikatika ataichonga nyingine hapahapa au itabidi aagize ng'ambo na kukaa miezi bila kazi. Mashine yenye umri wa miaka 50 ikipita mtihani huo ina thamani. Mpya inayong'aa, ambayo haifunguki ila kwa ruhusa ya aliyeitengeneza, ni mzigo unaongoja siku yake. Ninachosema katika makala haya ni kwamba kalamu ya wino ya hali ya juu nayo ihukumiwe hivyo. Inastahili bei yake pale tu inapofunguka na kutengenezeka ikiwa mikononi mwa mwenyewe, na pale kazi ya huyo mwenyewe inapokuwa kweli ni kazi ya kalamu ya wino. Sababu nyingine zinazotajwa na wauzaji hazisimami zikichunguzwa.

Tuanze na sababu ya uchumi, kwamba kalamu moja ya maisha huokoa fedha za kalamu nyingi za kutupa. Hesabu inaikataa. Kalamu ya biro, kama hizi za Nice zinazotoka kwenye kiwanda alichokianzisha James Mulwana, ni kitu cha mia kadhaa, na tuseme kwa ukarimu ni shilingi 1,000. Mtu anayemaliza au kupoteza biro moja kila wiki kwa miaka 20 atakuwa ametumia biro 1,040, yaani shilingi milioni 1 na elfu 40. Bado hajaifikia hata nusu ya bei ya Montblanc moja, na wino wa chupa hatujauhesabu. Kwa hiyo anayenunua kalamu ya milioni 3 ili abane matumizi anajidanganya. Hesabu hiyohiyo inasema jambo jingine, la kutia moyo. Kalamu ya wino yenye nibu ya chuma cha pua, kama Pilot Metropolitan, ambayo ng'ambo huuzwa dola 20 au 30, inaweza kurudisha gharama yake kwa mtu anayeandika sana, kwa sababu chupa moja ya wino ya mililita 50 huijaza kalamu kama mara 50. Uchumi unaitetea kalamu ya wino. Hauitetei bei kubwa.

Sababu ya pili ni dhahabu. Nibu nyingi za hali ya juu ni za dhahabu ya karati 14, yenye asilimia 58.5 ya dhahabu halisi, au ya karati 18, yenye asilimia 75. Wasikiao hivyo hudhani wananunua akiba. Lakini nibu nzima kwa kawaida ina uzito wa gramu 1 hivi au pungufu, kwa hiyo dhahabu iliyomo ni sehemu ndogo ya bei. Zaidi ya hapo, dhahabu haigusi karatasi kabisa. Kinachogusa karatasi ni punje ndogo ya madini magumu ya jamii ya platinamu, iliyochomelewa kwenye ncha na kusuguliwa hadi ikawa laini. Punje hiyo ipo kwenye nibu ya dhahabu, na ipo kwenye nibu nzuri ya chuma cha pua. Ulaini wa kuandika unatokana na jinsi punje ilivyosuguliwa na jinsi meno mawili ya nibu yalivyokaa sawa. Zamani dhahabu ilikuwa na sababu ya msingi, kwani wino ulikuwa na asidi iliyokula chuma cha kawaida. Chuma cha pua kimeipunguza sana haja hiyo. Dhahabu iliyobuniwa vizuri huweza kuipa nibu unyumbufu kidogo unaopendeza mkononi, na anayeutaka ana haki ya kuulipia, mradi ajue kwamba hiyo ndiyo bidhaa anayoinunua.

Sababu ya tatu ni jina, na hapa historia ya Parker 51 inatoa ushahidi mzuri. Kalamu hiyo iliingia sokoni 1941 ikiwa na nibu iliyofunikwa karibu yote na mwili wa kalamu, ncha tu ikichungulia, ili wino usikauke upesi. Kuanzia 1948 ikapewa mfumo mpya wa kujaza: kifuko cha plastiki kilichokaa ndani ya ganda la bati, na kipande cha chuma cha kubonyezea ubavuni. Iliuzwa kwa mamilioni, na nyingi za miaka hiyo zinaandika hadi leo zikiwa na kifuko chao cha kwanza. Mwaka 2021 jina la Parker 51 likarudi sokoni, na sura inafanana, lakini ndani ni kalamu nyingine inayotumia katriji na yenye kifuniko cha kuzungusha. Jina ni lilelile, chombo si kilekile. Viwanda navyo hubadilisha mikono: mwaka 2024 kampuni ya Lamy ya Ujerumani, iliyotoa kalamu mashuhuri ya Lamy 2000 mwaka 1966, ilinunuliwa na Mitsubishi Pencil ya Japani. Sisemi kwamba mabadiliko hayo ni mabaya. Nasema kwamba mnunuzi anayelipia ahadi ya kuhudumiwa maisha yote analipia ahadi ya mtu ambaye kesho anaweza kuwa mwingine, tena aliye mbali na Kampala.

Kinachobaki, baada ya kuondoa uchumi, dhahabu na jina, ni umbo la ndani. Kalamu ya wino ni mtambo mdogo sana. Tangu hataza ya Lewis Waterman ya 1884 huko New York, kanuni yake ni moja: kipande chenye mifereji myembamba kinakaa chini ya nibu, wino unashuka kwa mfereji mmoja na hewa inapanda kuchukua nafasi yake. Hakuna betri ya kuisha. Vinavyokufa ni vitu vichache: kifuko, mpira wa pistoni, wino uliokaukia ndani, na meno ya nibu yaliyopinda. Kalamu inayokuruhusu uvifikie hivyo vinne itakuzika. Parker 51 ya mfumo wa 1948 unaifungua mwili kwa kuuzungusha, na maelekezo ya kujaza yamechongwa palepale kwenye bati. Sehemu inayofunika nibu imefungwa kwa hesi na kuzibwa kwa utomvu unaolainika ukipashwa moto kidogo. Pelikan, ambayo imekuwa ikitengeneza kalamu za pistoni tangu 1929, huuza aina kama Souverän M800 ambayo nibu yake unaizungusha kwa vidole ikatoka pamoja na mifereji yake, ukaiosha kwa maji na kuirudisha. Montblanc 149 imeundwa kwa ustadi mkubwa, lakini kuifikia nibu na pistoni yake kunahitaji zana maalumu, na njia ya kawaida ni kuirudisha kwenye huduma ya kampuni. Kwa mtu wa Hamburg, yaliko makao ya Montblanc, huo si usumbufu. Kwa mtu wa Kampala ni tikiti ya ndege ya kalamu kila inapougua.

Nitajibiwa kwamba Katwe haitengenezi kalamu. Ni kweli, na sidai kwamba fundi wa mageti aachiwe nibu ya dhahabu. Lakini kazi zenyewe si za miujiza. Kunyoosha meno ya nibu, kubadili mpira wa pistoni, kulainisha gundi kwa joto la wastani ni kazi za mkono mtulivu na lenzi, na mafundi saa wa Kampala wanavyo vyote viwili. Pete ya chuma au hesi iliyoharibika ni kazi ya mkerezaji mwenye mashine ndogo. Mpaka upo mahali pamoja: punje ya ncha ikikatika, hapo panahitajika mtaalamu wa kuchomelea nibu, na hao ni wachache duniani kote. Ndiyo maana ukaguzi wa kalamu kuukuu uanzie hapo.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Shika nibu mbele ya mwanga na uitazame kwa lenzi ya fundi saa. Punje ya ncha iwe imegawanyika nusu mbili zinazolingana. Meno yawe kimo kimoja, na ufa kati yake uonyeshe mwanga mwembamba unaozidi kubana kadiri unavyokaribia ncha. Jino moja likiwa juu ya jingine kalamu itakwaruza, lakini hilo hurekebishika. Punje ikiwa imelika upande mmoja, au haipo, achana nayo kwa bei yoyote. Kisha ivute maji safi, uielekeze chini juu ya karatasi nyeupe, usubiri. Tone likijitengeneza lenyewe, kuna hewa inayopenya mahali. Mwisho andika nane kubwa mfululizo bila kukandamiza, maana kalamu yenye hitilafu hukatika kwenye kona moja ya nane hiyo kila inapopita. Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kukujibu swali la bei, na pia swali la kama bidhaa yake ni halisi, kwa kuwa bandia za Parker na Montblanc zimejaa duniani.

Pingamizi zito zaidi linatoka Katwe yenyewe. Risiti za karakana huandikwa kwa kaboni, nakala mbili au tatu, na nibu haiwezi kukandamizwa hadi alama ifike karatasi ya chini bila kuharibika. Karatasi nyembamba ya daftari la bei nafuu hunywa wino hadi herufi zikavimba. Wino wa kawaida unaoyeyuka kwa maji hufutika mvua ikiingia, na njia ya kwenda Clock Tower inajulikana kwa mafuriko. Hoja hizi ni za kweli, na mbili za mwisho zina dawa: karatasi nzito kidogo, na wino wa chumvi ya chuma na tanini ya mimea, ambao hewa huugeuza mweusi na kuushikamanisha na nyuzi za karatasi, mradi kalamu isafishwe mara kwa mara. Hoja ya kaboni haina dawa. Ambaye kazi yake ni risiti, fomu za nakala na kuandika akiwa amesimama, anunue biro bila kujiona mnyonge. Kalamu ya wino ni ya mtu anayekaa akaandika kurasa: hakimu, mwalimu, mwandishi, mtafiti, katibu wa kikao kirefu. Kwake kuna faida ya mwili, kwani nibu haihitaji kusukumwa, na mkono huchelewa kuchoka.

Kuna pia wanaosema kwamba heshima nayo ni hitaji. Nakubali. Zawadi nzuri ina thamani isiyo ya hesabu, na mkataba mkubwa unastahili kutiwa saini kwa chombo kinachoheshimiwa. Ila heshima ya kalamu hutokana na matumizi. Katika miaka ya 1950 Katwe ilisifika kwa magazeti yake ya Kiganda na siasa za kudai uhuru, na yaliyoandikwa wakati huo ndiyo yaliyoupa mtaa uzito. Mzee anayestaafu ataheshimika zaidi kwa kalamu anayoweza kuijaza na kuiosha mwenyewe kuliko kwa ile inayobaki kwenye kisanduku kwa sababu ilikwama mwaka wa pili na hakuna wa kuifungua.

Kwa hiyo uamuzi ufuate mpangilio huu. Kama huandiki angalau ukurasa mmoja kwa siku, usinunue. Kama unaandika, anza na nibu ya chuma cha pua na chupa moja ya wino, uitumie mwaka mzima. Ukiona mkono wako umeizoea na unataka kitu cha kudumu, tafuta Parker 51 ya mfumo wa 1948 iliyopita ukaguzi, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya Montblanc mpya, au nunua mpya ambayo nibu yake inatoka kwa vidole. Ukifika kwenye kalamu ya milioni 3, mwombe muuzaji aifungue mbele yako, aitoe nibu, akuonyeshe pistoni, akuambie spea zinapatikana wapi. Akiweza, lipa kwa moyo mweupe. Asipoweza, hiyo si kalamu ya kununuliwa Kampala.