Somo la Kisiki Linalipiwa na Nani?

Mkulima wa Dodoma akisafisha shamba huacha ardhini visiki vingi ambavyo havijafa. Mvua zikianza vinachipua, naye anavifyeka tena. Mradi wa Kisiki Hai, unaoendeshwa na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, unamfundisha aache kufyeka kila kitu: achague machipukizi machache yaliyonyooka, apogolee mengine, afunge kitambaa cha alama, kisha ayalinde mbuzi wasiyamalize. Hakuna kitalu, viriba wala lori la miche. Njia hiyo, iliyoenezwa na Tony Rinaudo wa Australia nchini Niger kuanzia miaka ya 1980, imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 za mashamba ya huko.

Ukifungua daftari la hesabu la kazi ya namna hii utakuta sehemu kubwa ya gharama ni elimu tu: mikutano ya kijiji, mafuta ya pikipiki ya mkufunzi, posho, vipindi vya redio. Hapo ndipo fedha zinapogoma. Miche huhesabika, na kiongozi hupigwa picha akiwa na koleo mkononi. Mkulima aliyebadili mawazo hana picha. Ndiyo maana kila msimu wa mvua tunasikia mamilioni ya miche iliyopandwa, na ni nadra kuambiwa mingapi ilivuka kiangazi.

Shinyanga ilipata bahati ambayo wengine hawajaipata: muda. Miti ilikuwa imefyekwa kuangamiza mbung'o na kupisha pamba, mpaka mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na Norway ikatoa fedha kwa miaka mingi hadi mradi ulipofungwa mwaka 2004. Mabwana misitu hawakuja na somo geni. Walirudi kwenye ngitili, maeneo ambayo Wasukuma huyafunga msimu wa mvua ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa kiasi cha hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Utafiti wa mwaka 2005 wa Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria faida ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kutokana na kuni, malisho, dawa, asali na nguzo. Mfadhili gani leo atakaa mahali pamoja karibu miaka 20? Miradi mingi hupewa miaka mitatu, na Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, hata hiyo mitatu iliacha kuwa ya uhakika.

Ndiyo maana macho yamehamia kwenye biashara ya hewa ukaa, ambamo mnunuzi hulipia kaboni inayohifadhiwa na miti. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka 20. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa dola 12,000 hivi kwa mwaka, na yalilipia maji na mahitaji ya shule za Gazi na Makongeni. Wakazi wa Vanga walifuata mwaka 2019 na hekta 460. Ni fedha kidogo, lakini zinakuja kila mwaka, na kijiji ndicho kinachoamua zinakwenda wapi.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba kabla ya hati ya kwanza kuuzwa, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ilikuwa imefanya utafiti na kupanda mikoko Gazi kwa miaka mingi. Mnunuzi wa kaboni hulipia tani, na tani huja mwisho. Miaka ya kufundisha iliyotangulia ililipiwa na mfuko mwingine.

Sheria zimeanza kugusa mgawo wa fedha za kaboni. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na marekebisho ya sheria ya Kenya ya mwaka 2023 yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi. Kijiji kinachoitwa kutia saini kiulize jambo moja kabla ya kalamu kugusa karatasi: mishahara ya wakufunzi itatoka kwenye fungu la mwekezaji, au itakatwa kwenye hiyo asilimia 40?