Hisabu ya Pencheni Jamii

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kumlipa kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70 pencheni jamii, pasi na kumuuliza kama alikuwa mwalimu au mvuvi, wala kama aliwahi kuchangia mfuko wowote, jambo hilo limesifiwa sana, na kwa haki. Muradi wangu si kuirudia sifa hiyo. Kilichoninyima raha ni ukurasa mmoja wa daftari la mstaafu wa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, karani aliyeandika orodha za mishahara ya wenziwe kwa umri wake wote wa kazi, na ambaye mkono wake, ingawa sasa ni mpokeaji, haujaacha ada ya kuhisabu.

Ukurasa huo una safu tatu zilizopigwa rula kwa wino mwekundu: mwaka, kima cha chini cha mshahara serikalini, na pencheni, kwa shilingi za mwezi mmoja. 2016: 150,000 kwa 20,000. 2017: 300,000 kwa 20,000. 2022: 347,000 kwa 20,000. 2023: 347,000 kwa 50,000. Pambizoni, kwa hati ndogo ya kikarani, zimeandikwa asilimia: 13, 7, 6, 14.

"Tazama hapa, mwanangu," aliniambia, ukucha wake juu ya mstari wa pili. "Mshahara umepanda maradufu, sisi tuko pale pale. Hatukupunguziwa hata senti, lakini nusu ya fungu letu imekwenda, na huna wa kumshitaki, kwa kuwa hakuna aliyeichukua."

Lau pencheni ingalifungamanishwa na mshahara, aliendelea, mwaka 2017 ingalikuwa 40,000, na mwaka 2022 ingalifika 46,000 na ushei. "Leo tunapata 50,000, basi kwa leo sidai, tumezidishiwa. Nauliza ile miaka ya katikati. Pengo la 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Na aliyeanza kupokea na sabini zake, nyongeza imemkuta na sabini na saba, kama imemkuta."

Nilimtajia Uingereza, ambako kanuni huiongeza pencheni ya dola kila Aprili kwa kufuata kilicho kikubwa baina ya ukuaji wa mishahara, kupanda kwa bei, na asilimia 2.5, lakini mwaka 2022, mishahara ilipoonekana kuruka kwa asilimia 8.3 baada ya misukosuko ya korona, serikali iliiweka kando nguzo hiyo ya mishahara, wazee wakapewa asilimia 3.1 ya bei. Alicheka. "Angalau wao walijua walichonyimwa."

Yeye angechagua mshahara, kwani bei, kwa kauli yake, humnunulia mzee unga ule ule wa 2016 ilhali wajukuu wamekwisha hamia maisha mengine. Nikamwelekeza kwenye safu yake mwenyewe: kutoka 2017 hadi 2022 kima cha chini hakikutikisika, na sokoni bei hazikungoja.

"Hapo umenishika," alikiri bila ya kinyongo. "Miaka hiyo kanuni yangu isingalitupa hata shilingi. Lakini kanuni ya bei nayo isingalitupa ile 40,000. Waingereza wameziunga zote mbili, wakatia na ya tatu. Hazina yetu itaweza?"