Sampuli Huanza Wapi? Usanifu wa Utafiti wa Uzamivu katika Isimu ya Kiswahili kwa Mfano wa Kalemela, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Sura ya mbinu katika tasnifu ya uzamivu aghalabu hutaja eneo la utafiti, idadi ya watoataarifa na zana za kukusanyia data. Makala haya yanaeleza kuwa mambo hayo huamua mapema aina ya hitimisho ambalo mtafiti anaweza kulifikia. Kwa kutumia mfano wa utafiti wa Kiswahili kinachozungumzwa Kalemela, makala yanajadili maamuzi matatu: mipaka ya eneo, njia ya kuwafikia watoataarifa na namna ya kuhesabu data.

1.0 Utangulizi

Mbinu ya utafiti hueleza jinsi data zilivyopatikana. Usanifu wa utafiti hueleza kwa nini data hizo zinastahili kuaminiwa kuwa zinajibu swali lililoulizwa. Mwanafunzi anaweza kuwa na hojaji nzuri, kinasa sauti bora na watoataarifa wengi, na bado akashindwa kuthibitisha dai lake kwa sababu hakuna uhusiano wa lazima kati ya alichokikusanya na anachokihitimisha.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekusudia kuchunguza athari za Kisukuma katika matamshi ya Kiswahili huko Kalemela, kata iliyomo katika Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Mwanafunzi huyu ni wa kufikirika, lakini mazingira ni halisi. Mfumo asilia wa sauti za Kisukuma hauna /r/, ilhali Kiswahili hutofautisha /r/ na /l/, kama inavyodhihirika katika jozi *mahari* na *mahali*, au *kura* na *kula*. Nadharia tete yake ni kwamba wazungumzaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma hutamka [l] mahali pa /r/. Jambo hili linaonekana rahisi. Ugumu wake hujitokeza pale tunapouliza ni ushahidi gani utakaolithibitisha.

2.0 Eneo la Utafiti na Mipaka ya Dai

Mwanafunzi wetu anaweza kuvutiwa na anuani isemayo “Kiswahili cha Wasukuma wa Mkoa wa Simiyu”. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yalitoka Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mipaka ya lugha haikuchorwa mwaka huo. Kisukuma kina lahaja zinazoelewana: ile ya magharibi, ile ya Ntuzu upande wa kaskazini-mashariki ambako Bariadi imo, na ile ya Kiiya upande wa kusini-mashariki. Hata kiambishi kinachotumika kuitajia lugha hiyo hubadilika kutoka *ki-* kuwa *gi-* au *ji-* kutegemea lahaja. Anayekusanya data Kalemela, karibu na Ziwa Victoria, na kuhitimisha kuhusu mkoa mzima, amechukua mpaka wa kiutawala akaufanya mpaka wa kiisimu bila kuuthibitisha.

Njia za kulitatua tatizo hili ni mbili. Ya kwanza ni kupunguza dai lilingane na ushahidi, yaani kuandika kuhusu Kalemela. Ya pili ni kuongeza eneo la kulinganisha, kwa mfano kata moja karibu na Bariadi, ili tofauti ya lahaja iwe swali la utafiti. Njia zote mbili ni halali. Kisichokubalika ni dai pana juu ya ushahidi mwembamba.

Aidha, sensa za Tanzania zilizofuata ile ya mwaka 1967 hazikuuliza kabila. Makadirio ya idadi ya wazungumzaji yametokana na kazi kama Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo inakadiria wazungumzaji wa Kisukuma kuwa zaidi ya milioni 5. Makadirio hayo hayampi mtafiti orodha ya majina anayoweza kuteua watu kutoka humo kwa nasibu. Kwa hiyo, anayeandika kuwa alitumia usampulishaji nasibu wa wazungumzaji wa Kisukuma anapaswa kueleza orodha aliyoitumia ilitoka wapi.

3.0 Njia ya Kuwafikia Watoataarifa

Barua ya utambulisho hutoka chuoni, ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya, ikamfikia mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Utaratibu huu ni wa lazima na una manufaa yake. Hata hivyo, kiongozi anapoombwa kumtafutia mgeni “watu wa kuzungumza nao”, ni kawaida awalete wanaojua kujieleza kwa Kiswahili. Katika utafiti wetu, umahiri wa Kiswahili ndio unaopimwa. Sampuli imekwisha kuchujwa kwa kigezo kilekile kinachochunguzwa, kabla swali la kwanza halijaulizwa.

Lesley Milroy, katika utafiti wake wa Belfast uliochapishwa mwaka 1980, aliingia katika jamii kupitia mitandao ya kijamii, akitambulishwa kama rafiki wa rafiki. Kalemela, mwanafunzi anaweza kupata ruhusa kupitia uongozi, kisha akatumia milango kadhaa isiyotegemeana: sokoni, katika ushirika wa wakulima wa pamba, na katika nyumba za ibada. Kila mtoataarifa aandikiwe mlango alioingilia, ili baadaye matokeo yalinganishwe kwa milango.

Makundi ya umri nayo yahitaji sababu. Kuwagawa watu kwa miaka kumikumi hakuelezi chochote chenyewe. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, na Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza kutekelezwa mwaka 1977. Aliyezaliwa mwaka 1970 alitimiza miaka saba mwaka huohuo wa 1977. Mgawanyo unaofuata historia hii unapima kitu kinachojulikana, yaani fursa ya kukutana na Kiswahili darasani.

4.0 Kuhesabu na Kulinganisha

William Labov alisisitiza kuwa mchambuzi ahesabu pia nafasi ambazo badiliko lingeweza kutokea lakini halikutokea. Tuseme mzungumzaji mmoja ametamka *habali* na maneno mengine ya namna hiyo mara 10. Takwimu hiyo haina maana hadi tujue /r/ ilitarajiwa mara ngapi. Kama ni mara 12, badiliko ni la kawaida kwake. Kama ni mara 200, ni nadra. Matamshi ya kujisahihisha kupita kiasi, kama *kurara* kwa *kulala*, yahesabiwe peke yake, maana yanaonesha mzungumzaji anaitambua tofauti ingawa hana hakika na mahali pake.

Labov pia alibainisha kwamba tunataka kujua watu wanavyozungumza wasipotazamwa, lakini hatuwezi kujua bila kuwatazama. Usaili wa mgeni mwenye kinasa sauti pekee hautoshi. Uambatane na usomaji wa orodha ya maneno, masimulizi, na mazungumzo ya wenyeji wenyewe yaliyorekodiwa kwa ridhaa yao mtafiti asipokuwapo.

Hatimaye, kubadili /r/ kuwa [l] hakupatikani kwa Wasukuma pekee. Ili kulihusisha badiliko hilo na Kisukuma, panahitajika kundi la kulinganisha: wakazi wa Kalemela wenye elimu na umri unaolingana na wengine, lakini wasiojua Kisukuma. Wakionesha kiwango kilekile, maelezo ya athari za lugha ya kwanza yatakuwa yamedhoofika, na huenda tunakabiliwa na Kiswahili cha mahali kinachoshirikiwa na wote.

5.0 Hitimisho

Kabla ya kwenda uwandani, mwanafunzi aandike katika pendekezo lake ni matokeo gani yatakayomlazimu kuikana nadharia tete yake. Akishindwa kuyataja, usanifu haujakamilika, na msimamizi ana wajibu wa kumrudisha mezani. Kinachohatarishwa ni zaidi ya miaka ya masomo. Tasnifu hunukuliwa na waandishi wa vitabu na waandaaji wa mitaala. Ikiwa sampuli ilichujwa na barua ya utambulisho, mkazi wa Kalemela ataelezwa vitabuni kuwa hana tatizo lolote la matamshi, au kuwa ndiye chanzo cha makosa, na mwalimu wa Kiswahili atapanga somo lake kwa kuamini maelezo ambayo hayakupimwa.